Nyuma ya Paji la Uso

Maneno niliyo nayo jioni ya leo yanahusu sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyolala nyuma ya paji la uso, ambayo wataalamu wa elimu hiyo huiita gamba la mbele. Nimelichagua jambo hili kwa sababu katika Maniema yetu ya kusini wako watu wengi ambao sehemu hiyo imelemewa, nasi aghalabu huwaita wavivu, au wakali, au wendawazimu, au watu waliorogwa, tukayamaliza hapo, ilhali mambo yanayowasibu yana sababu zinazojulikana, na baadhi yake yana dawa iliyo karibu kuliko tunavyodhani.

Habari ya kwanza iliandikwa Kabambare, hukuhuku kwetu. Katika mwaka 1870 msafiri wa Kiskoti, David Livingstone, alikuwa katika mji huo, ambao daftari zake zinauita Bambarre. Vidonda vya miguu vilimlaza tangu Julai hata Oktoba, na hata baada ya kupata nafuu hakuweza kuondoka mpaka Februari ya mwaka uliofuata, kwa kuwa alikuwa akingoja watu na bidhaa kutoka pwani. Alisikiliza na kuandika mengi, na miongoni mwa aliyoyaandika ni habari ya maradhi aliyoyahesabu kuwa ya ajabu kupita yote aliyoyaona katika nchi hizi. Tajiri mmoja wa Kiarabu, Said bin Habib, alikuwa ameuliwa kaka yake katika nchi ya Urua, kwa mkuki uliotupwa usiku ukapenya hema. Said akaapa kulipiza kisasi, akawashambulia watu wote aliowakuta, akaua wazee, akateka vijana kundi kubwa na kuwatia minyororo. Vijana hao waliistahimili minyororo katika njia yote, mpaka walipovushwa Lualaba na kuuona mto ule mpana umekaa baina yao na kwao. Hapo ndipo walipokata tamaa. Baadhi yao walifunguliwa, kwa kuwa watekaji walidhani hatari ya kutoroka imekwisha, nao wakatoroka mara moja. Katika waliobaki kifungoni, wengi walikufa kabla siku tatu hazijatimia. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono kifuani, mahali penyewe pa moyo. Mtoto mmoja mwanamume wa umri wa miaka kama 12, ambaye alikuwa akibebwa, alisema vilevile, kwamba hana neno ila moyo unamwuma, akalazwa kando ya njia, akafa. Na wale wenye watumwa walistaajabu: chakula wanapewa wakashiba, kazi hawafanyi, basi wanakufa kwa nini?

Ningependa tukae kidogo na swali hilo, maana linatoka katika vinywa vya watu waliodhani kwamba mwanadamu akishiba na akipumzika amepata yote. Daktari wa leo angelitaka pia kujua kama vijana wale walikuwa na tumbo la kuhara, au homa, au udhaifu wa safari ndefu, na ana haki ya kuuliza. Lakini limo jambo moja katika habari ile ambalo mimi nimelirudia mara nyingi nikisoma, nalo ni hili: waliofunguliwa, ambao ghafula walipata jambo la kutenda, walilitenda, wakaenda zao, na waliobaki bila neno lolote lililo mikononi mwao ndio waliokufa. Watu wote walikuwa wa nchi moja, msiba wao mmoja, mto waliovuka mmoja.

Sasa tuingie katika ubongo wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na kitu, si zaidi ya kilo moja na nusu, nao hutumia kama sehemu ya tano ya nguvu zote ambazo mwili hupata kwa chakula wakati wa mapumziko. Gamba lake la nje lina unene wa milimita mbili hadi nne tu, na ile sehemu ya mbele ndiyo inayochelewa kupevuka kuliko nyingine zote. Kijana wa miaka 18, hata akiwa na nguvu za kubeba gunia la mchele, gamba lake la mbele lina miaka kadhaa bado ya kukamilika.

Kazi yake mtaiona kwa macho mkimtazama mama anayeuza mawese katika soko la Kasongo asubuhi. Mteja mmoja amempa noti na anangoja chenji yake. Wa pili anaomba akopeshwe chupa mbili mpaka Jumamosi, na mama anakumbuka kwamba huyu hajalipa deni la mwezi uliopita. Mtoto anavuta kitenge huku akilia. Na jirani wa meza ya pili amemtupia neno la kuudhi. Mama yule ameishika hesabu kichwani isipotee, amelizuia jibu kali lililokwisha kufika ulimini, amepima kama amkopeshe yule mdeni au amkatalie kwa heshima, kisha ametoa chenji bila kupungua faranga. Kukumbuka la sasa hivi, kujizuia, kupima lijalo, kugeuza nia inapohitajika: hayo yote ni matendo ya gamba la mbele, na limeyatenda kwa muda mfupi kuliko huu nilioutumia kuyasimulia.

Kwamba matendo hayo yana makao yake hapo, wataalamu walianza kulisadiki baada ya msiba wa mfanyakazi wa reli wa Marekani, Phineas Gage, ambaye mwezi wa Septemba 1848 fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja ilipenya fuvu lake kwa mlipuko wa baruti, ikatokea juu ya kichwa. Aliishi, alisema, alitembea. Lakini Daktari John Harlow aliyemtibu aliandika kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na mwaminifu wa kazi amekuwa mwepesi wa matusi na asiyeshika shauri lolote. Yametokea mengi tangu hapo, na elimu imepita mbele sana.

Lililo muhimu kwetu ni kwamba gamba la mbele laweza kudhoofika bila chuma wala jeraha. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Amy Arnsten, ameonyesha kwa uchunguzi wa miaka mingi kwamba mtu anaposhikwa na hofu asiyoweza kuitawala, ubongo wake humwaga kemikali ziitwazo noradrenalini na dopamini, ambazo zikiwa kidogo hulipa gamba la mbele nguvu, na zikizidi hulegeza mawasiliano ya chembe zake, hata likawa kama limenyamazishwa. Hapo utawala huhamia sehemu za ndani, zilizo za kale zaidi, na hasa kile kipande kidogo chenye umbo la lozi kinachoamsha woga na hasira. Mungu aliuumba mwili hivyo kwa hekima: mtu anayekimbia risasi hana haja ya kufikiri deni la Jumamosi. Madhara huja pale hofu inapokaa miezi na miaka. Katika wanyama waliochunguzwa, matawi ya chembe za gamba la mbele hurudi nyuma na kupungua, wakati yale ya sehemu ya woga hukua.

Basi mfikirieni mama yuleyule wa mawese, miezi michache baada ya kijiji chake kuchomwa moto na jamaa zake kutawanyika porini. Anatoa chenji isiyo sawa. Mtoto akilia anampiga, naye hakuwa mtu wa kupiga. Usiku hapati usingizi, mchana anasahau sufuria motoni, na mtu akimpa shauri jema hawezi kulishika. Majirani husema amebadilika, na kweli amebadilika. Lakini tabia yake ya zamani haikufa. Imekosa mahali pa kusimama. Mwaka 2009 Conor Liston na wenzake wa New York walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa udaktari waliokaa mwezi mzima katika dhiki ya kujitayarisha kwa mtihani: uwezo wao wa kuhamisha fikira kutoka jambo moja hadi jingine ulipungua, na mawasiliano ya gamba la mbele na sehemu nyingine za ubongo yakalegea, na walipopimwa tena baada ya kama mwezi mmoja wa kupumzika, walikuwa wamerudi katika hali ya wenzao wasiokuwa na dhiki hiyo. Dhiki ya mtihani haiwezi kulinganishwa na dhiki ya vita, walakini ni bishara njema kujua kwamba kilicholegea chaweza kukazwa.

Hukazwa na nini? Hapa nitaeleza kazi ya Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Colorado, kwa kuwa ndiyo inayonirudisha kwa wale vijana wa Lualaba. Katika miaka ya 1960, Maier na Martin Seligman, wakiwa Pennsylvania, waliona kwamba mnyama anayepigwa na umeme asioweza kuuzuia hukaa kitako baadaye hata pale anapofunguliwa njia ya kukimbia. Wakasema amejifunza kukata tamaa. Walihitaji karibu miaka 50 kugundua kwamba mambo yalikuwa kinyume, nao wakaandika hivyo wazi katika mwaka 2016, jambo ambalo ninawaheshimu kwalo. Kukata tamaa, walisema, hakufundishwi. Ndiko anakoelekea kiumbe chochote mateso yakidumu. Kinachofundishwa ni matumaini. Panya wawili wanapata umeme uleule kwa muda uleule, lakini mmoja amepewa gurudumu, akiligeuza umeme hukatika kwa wote wawili. Huyo mwenye gurudumu hubaki mzima, na mwenzake huzimika. Sehemu inayotambua kwamba tendo langu limeleta tofauti, na ambayo kwa kutambua hivyo huituliza ile sehemu ya shina la ubongo inayotoa unyonge, ni gamba la mbele. Mwaka 2005 walipolinyamazisha gamba hilo kwa dawa katika panya mwenye gurudumu, aliligeuza kama kawaida, umeme ukakatika kama kawaida, lakini baadaye alikuwa mnyonge sawa na yule asiyekuwa na chochote. Uwezo alikuwa nao. Kilichokosekana ni kuujua.

Mwanadamu si panya, nami sitaki mtu aseme redio imefananisha wazee wetu na wanyama. Ninachosema ni kwamba nchi hii imepita katika mambo ambayo watu wake hawakuwa na gurudumu la kugeuza: biashara ya watumwa, kisha utawala wa Mfalme Leopold wa Wabelgiji na kazi za shuruti, maasi ya mwaka 1964, vita vya 1996 na vya 1998, na katika miaka ya karibu bunduki za Salamabila, penye dhahabu ya Namoya. Vijana waliochukuliwa na makundi ya silaha walichukuliwa gamba lao la mbele likiwa bado linajengwa, wakafundishwa kuua kabla ya kufundishwa kupima. Kuwaambia sasa, sahauni, fanyeni kazi, ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee. Lazima mguu ufungwe kwanza.

Ufungaji huo umejaribiwa karibu na sisi, katika Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wahudumu wa Kikongo waliwafuata wanawake 405 walionusurika udhalimu wa kubakwa, katika vijiji 15, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Katika vijiji saba wanawake walikaa kwa vikundi, kikao baada ya kikao, jumla ya vikao 12, kimoja kikiwa cha mtu peke yake. Katika vijiji vinane walipata msaada wa mtu mmojammoja wa kawaida. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa nchi hii waliosoma miaka michache ya sekondari, wakafundishwa na kusimamiwa. Kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawakujua kusoma, mafunzo yaliwekwa katika namna ya kushikwa kwa moyo. Kila mmoja alifundishwa kulitazama wazo linalomtesa, kwa mfano kwamba kosa lilikuwa lake kwa kupita njia ile, akaliuliza kama lina ushahidi, na akajichagulia neno lingine lililo la kweli zaidi. Tazameni sasa kazi hiyo ni ya nani: kulishika wazo, kulipima, kulikataa, kuchagua jingine. Ni gamba la mbele linalorudishwa kazini. Baada ya miezi sita, katika vikundi vile waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100; katika wale wengine walikuwa 42 kwa 100. Nijuavyo mimi, kati ya yale yote yaliyoletwa mashariki mwa Kongo kwa jina la msaada, machache yamefanya kazi namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo, na sioni sababu ya Kasongo na Kabambare kungoja hospitali kubwa ya akili ijengwe ndipo kazi hiyo ianzishwe hapa.

Fauka ya hayo, si kila akili iliyopotea imepotezwa na huzuni. Sisi wa maeneo haya tunayo malale, ugonjwa wa usingizi, na wazee wanakumbuka madaktari wakipita kijiji kwa kijiji wakigusa shingo za watu. Mwingereza Joseph Everett Dutton, ambaye ndiye aliyekitambua katika damu ya mtu huko Gambia kile kijidudu cha malale kilichopewa jina la nchi hiyo, alifika mpaka Kasongo na mwenzake wa chuo cha Liverpool, akafia hapahapa tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ya papasi, akiwa na umri wa miaka 30. Mbung'o anayetuambukiza hupenda vivuli vya kandokando ya mito, pale penye visima vya kuchotea maji na mahali pa kufulia. Kijidudu hukaa katika damu miezi, pengine miaka, mtu akiona homa za kuja na kwenda, kuwashwa na mwili, na tezi za nyuma ya shingo. Kisha huingia ubongoni. Hapo mtu hulala mchana akakesha usiku, lakini kabla ya usingizi, mara nyingi, tabia ndiyo inayotangulia kuharibika: mpole huwa mgomvi, mchapa kazi huwa hajali, mwenye haya hutenda ya aibu mbele ya wakwe. Jamaa huona wazimu, au jini, au mkono wa jirani. Nyumba ngapi zimegawanyika kwa tuhuma za uchawi, na sababu yenyewe imo katika tone la damu?

Katika mwaka 1998, baada ya kazi za upimaji kuvunjika, wagonjwa walioandikwa Kongo peke yake walizidi 26,000. Zamani dawa ya ugonjwa uliokwisha kufika ubongoni ilikuwa melasoproli, yenye aseniki, iliyochoma mishipa kama moto na kuua kama wagonjwa 5 katika kila 100 waliotibiwa kwayo. Ndiyo maana watu waliogopa kupimwa, na woga wao ulikuwa na haki. Lakini hayo yamepita. Tangu Desemba 2018 nchi yetu imeidhinisha feksinidazoli, dawa ya vidonge ambayo mgonjwa humeza kwa siku 10, baada ya kula, mbele ya macho ya mwuguzi; na majaribio yake yaliongozwa na daktari wa Kikongo, Victor Kande. Wale ambao ugonjwa umewazidi bado hutibiwa kwa dripu hospitalini. Dawa zote hizo hutolewa bure. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wa malale wanaoandikwa ulimwenguni kote kwa mwaka hawafiki 1,000, na kadiri wanavyopungua ndivyo wauguzi vijana wanavyoisahau sura ya ugonjwa huu, jambo linaloniogopesha.

Nami sina budi kusema juu ya kamba na pingu. Ziko nyumba, na ziko mahali pa maombi, ambapo mgonjwa wa akili hufungwa mguu kwenye nguzo au gogo, akinyimwa chakula ili pepo atoke. Wafanyao hivyo wengi ni watu wanaompenda mgonjwa na wamechoka, na sitawatukana. Ila nawaomba wakumbuke nililoeleza: gamba la mbele husimama kwa kuona kwamba tendo la mwenyewe lina matokeo. Aliyefungwa hachagui hata upande wa kulalia. Kila siku ya kamba inamnyima kile ambacho kingemponya, na ikiwa ugonjwa wenyewe ni malale, kamba inakipa kijidudu muda wa kumaliza kazi. Mgonjwa akiwa hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, akae naye mtu, wapokezane ndugu, vitu vyenye makali viondolewe, na apelekwe hospitali. Akiwa mtulivu, mpeni jambo dogo lililo lake: achague nguo, alishe kuku, aamue ni njia ipi mpite kwenda kisimani.

Kwa hiyo, mtu wenu akigeuka tabia, mpelekeni kwanza kituo cha afya, kisha hospitali kuu ya Kasongo au ya Kabambare ikibidi, mkaombe kwa jina apimwe damu ya malale. Na akionekana hana, muulizeni mwuguzi juu ya malaria ya kichwani, kifafa, na jeraha la kichwa, kabla hamjaulizia mengine. Mwambieni alianza kubadilika mwezi gani, kama analala mchana, kama homa zake huja na kwenda, kama amekaa karibu na mto au porini wakati wa vita, na ni msiba gani uliompata kabla ya hapo. Mgonjwa mwenyewe akiweza kusema, mwacheni ajieleze yeye kwanza, hata akisema polepole, wala msimjibie.